Kiko cha Kiingereza cha zamani: ubora uko wapi, bei inatoka wapi

Ukifungua tovuti ya mnada ukatafuta viko vya zamani vya Kiingereza, utakumbana na msamiati unaomtatiza hata mvutaji mzoefu: nukta nne, enzi ya familia, namba ya hataza, kabla ya mpito. Viko viwili vina jina moja, umbo moja na rangi inayokaribiana, lakini kimoja kinauzwa mara tano ya kingine, na muuzaji akiulizwa hujibu kwa neno moja: ubora. Jibu hilo ndilo linalowachanganya watu. Ubora wa kiko unatokana na mbao, utoboaji na mrija. Bei ya kiko cha zamani inatokana kwa kiasi kikubwa na maandishi yaliyogongwa shingoni mwake. Mambo haya mawili hukutana mara nyingi, ila si kila mara, na anayeyachanganya ama hulipa asichopaswa kulipa, ama hukipita kitu kizuri kwa sababu hakina jina kubwa.

Kwanza sehemu zenyewe. Bori ni kile kichwa chenye shimo la kutilia tumbaku. Kutoka kwenye bori inatokeza shingo, nayo ni mbao ile ile moja, haikuungwa. Ndani ya shingo imetobolewa njia ya moshi, inayotokea sakafuni mwa bori. Mwisho wa shingo kuna tundu, na humo unaingia ulimi wa mrija. Mrija ni ile sehemu nyeusi inayokwenda kinywani, na ncha yake ina ukingo mdogo wa kushikiwa na meno. Ukoko ni tabaka la kaboni linalojijenga kwenye kuta za bori kadiri kiko kinavyotumika. Na tukisema "vya zamani" hapa, tunamaanisha viko vilivyotengenezwa tangu mwisho wa karne ya 19 hadi miaka ya 1960, vingi vyao mjini London.

Uingereza isiyo na mti wake

Wengi hudhani kiko cha Kiingereza kimechongwa kwa mti wa Uingereza. Sivyo. Mbao inayotumika inaitwa braya, na inatoka kwenye kichaka cha Erica arborea kinachoota kandokando ya Bahari ya Mediterania: Algeria, Corsica, Sardinia, Calabria ya kusini mwa Italia, Ugiriki. Hata huko si shina wala tawi linalotafutwa. Kinachochimbwa ni kifundo kinachovimba kati ya mizizi na shina, ambacho huhifadhi maji na kuuwezesha mti kuchipua tena baada ya ukame au moto. Nyuzi zake zimesokotana, ni ngumu, na zinavumilia joto ambalo lingeunguza mbao nyingi.

Ufundi wa kukereza viko vya braya nao haukuanzia London. Ulishika kasi miaka ya 1850 katika mji wa Saint-Claude, kwenye milima ya Jura nchini Ufaransa. Kabla ya hapo Waingereza walivuta zaidi viko vya udongo wa kuchoma, na wenye fedha walivuta vya mirshamu, jiwe laini jeupe linalochimbwa hasa Eskişehir, Uturuki. Familia ya Comoy ilikuwa ikitengeneza viko Saint-Claude tangu 1825, na Henri Comoy ndiye aliyehamia London mwaka 1879. GBD, kampuni nyingine ya viko, ilianza Paris mwaka 1850. Hata Alfred Dunhill, aliyefungua duka lake Duke Street mwaka 1907, mwanzoni alikuwa akinunua mabori yaliyokwisha kukerezwa Ufaransa.

Kwa hiyo Uingereza iliongeza nini? Iliongeza uchaguzi mkali wa mabori, ukaushaji wa ziada, mrija uliokatwa kwa mkono, na ladha ya maumbo: mistari iliyonyooka, uwiano wa bori na shingo, hakuna mapambo ya bure. Maumbo yanayoitwa billiard, bulldog, apple na Dublin yalikuwapo kwingine, lakini London ndiyo iliyoyapa vipimo ambavyo mafundi wa Denmark, Italia na Marekani bado wanavirejea, hata wanapoamua kuvivunja.

Kuhusu mirshamu, Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hii, na wakusanyaji wengi wa Ulaya wanaijua kuliko sisi. Eneo la Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania, lina mirshamu, na katikati ya karne ya 20 kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha ilitengeneza viko vyenye chapa ya Kiko na nembo ya tembo. Jiwe hilo lilisafirishwa pia hadi Laxey, kwenye kisiwa cha Man, likatengenezwa viko huko. Kiko chenye maandishi ya Tanganyika, badala ya Tanzania, hujitaja umri wake chenyewe: jina la nchi lilibadilika mwaka 1964.

Mbao: kukauka ni nusu ya kazi

Kifundo kilichotoka ardhini kimejaa maji na utomvu mchungu. Hukatwa vipande, huchemshwa kwa saa nyingi, kwa kawaida nusu siku au zaidi, kisha huanikwa kivulini kwa miezi au miaka. Hatua hii ikiharakishwa, kiko kitaonekana kizuri dukani, lakini mvutaji atakutana na uchungu, joto linalochoma mkono na, mwishowe, ufa.

Sababu yake ni hii. Tumbaku inapoungua hutoa mvuke wa maji pamoja na moshi. Bori nzuri hufanya kazi ya mtungi wa udongo: hunyonya unyevu kwa ndani na kuuachia nje taratibu. Mbao ambayo bado ina maji na utomvu wake haina nafasi ya kupokea mwingine, hivyo unyevu hubaki kwenye njia ya moshi, moshi hufika kinywani ukiwa moto na mbichi, na ukuta wa bori hutanuka upande mmoja kuliko mwingine.

Hapa ndipo ilipo imani maarufu kwamba kiko cha mwaka 1930 ni kitamu kwa sababu mbao yake imekauka miaka tisini. Kuna ukweli ndani yake, ila si wote. Mbao hupokea na kupoteza maji kulingana na hewa iliyoizunguka. Ikishafikia usawa na hewa hiyo, miongo mingine mitano haiikaushi zaidi. Kipande kilichochemshwa vizuri na kuanikwa miaka michache na fundi wa leo kinaweza kuwa kikavu sawa na cha babu yake. Kinachokifanya kiko cha zamani kiwe laini tangu siku ya kwanza ni kwamba kimeshavutwa: mtu mwingine alimaliza ile kazi chungu ya kuzoeza bori mpya, akakuachia ukoko.

Viwanda vya London havikukubaliana juu ya namna bora ya kukausha, na hilo lenyewe linafundisha. Dunhill walitumia mafuta. Bori ilitumbukizwa kwenye mafuta ya zeituni kwa wiki kadhaa, kisha ikapashwa joto kwa muda mrefu, mafuta yakawa yanatoka kwenye vinyweleo vya mbao yakibeba mabaki ya utomvu, na mfanyakazi akawa anayafuta. Barling walikwenda njia nyingine kabisa: hewa na subira, mbao iliyochaguliwa na kuachwa ikae. Viko vya pande zote mbili vinasifiwa hadi leo kwa ladha yao. Anayekuambia kwamba mafuta ndiyo siri, au hewa ndiyo siri, anauza kiko.

Mafuta na joto vilizaa pia kitu kingine. Mwaka 1917 Dunhill waliombea hataza, yaani haki ya mvumbuzi, njia ya kupiga bori kwa mchanga unaorushwa na upepo mkali. Sehemu laini za mbao huliwa, ngumu hubaki, na uso unabaki na matuta yanayofuata mistari ya ukuaji wa mti. Waliuita mtindo huo Shell. Braya ya Algeria, iliyo laini kuliko ya kwingine, ililiwa kwa kina, ndiyo maana Shell za miaka ya 1920 na 1930 zina mabonde makubwa kiasi kwamba nyingine zimepoteza umbo lake la awali. Wanunuzi wapya huwa wanaambiwa kwamba kiko cha mchanga ni njia ya kuficha mbao mbovu. Ni kweli kwamba bori yenye vishimo vidogo vya juujuu mara nyingi ndiyo iliyopelekwa kwenye mchanga. Lakini vishimo vya juujuu havionjwi. Uso wenye matuta una eneo kubwa zaidi la kupoozea, kiko ni chepesi zaidi, na ndani mbao ni ile ile.

Kiko chenye uso laini kisicho na kasoro ni ghali kwa sababu ya uhaba, basi. Braya nyingi ina vishimo na mawe madogo ndani, na fundi huyagundua baada ya kukereza. Viwanda vikubwa havikutaka kuweka jina lao la kwanza kwenye bori iliyojazwa puti, kwa hiyo mabori hayo yaliuzwa kwa majina mengine. Dunhill walianzisha Parker mwaka 1922 kwa ajili hiyo, na Comoy's walikuwa na Guildhall pamoja na majina mengine mengi. Kwa mtu anayetaka kuvuta badala ya kukusanya, hapa ndipo penye nafuu: mara nyingi mbao imetoka kwenye chumba kimoja, mkono uliotoboa ni ule ule, na tofauti ni kidoa cha puti kisichozidi punje ya mtama.

Mrija: hapa ndipo London ilipowashinda wengi

Shika kiko cha Barling cha miaka ya 1930 utazame ncha ya mrija wake kwa ubavu. Unene wake unazunguka milimita 4, wakati viko vingi vya bei nafuu vya leo vina 5 au zaidi. Milimita moja haionekani kitu mpaka iwe kati ya meno kwa dakika arobaini.

Mirija hiyo ilikatwa kwa mkono kutoka kwenye fimbo ya eboniti, yaani mpira uliopikwa kwa salfa nyingi hadi ukawa mgumu. Fundi alitumia tupa kwa nje, lakini kazi yenyewe ilikuwa ndani. Tundu la mrija huanza likiwa la mviringo, la kipenyo cha milimita 3 hivi upande wa ulimi. Kadiri linavyokaribia meno linapaswa kutanuka kwa upana na kubanwa kwa kimo, hadi litokee kama mwanya mwembamba na mpana. Likifanywa hivyo, moshi hupita kwa kasi ile ile toka mwanzo hadi mwisho na kutawanyika juu ya ulimi wa mvutaji. Likiachwa la mviringo mpaka mwisho, moshi hutoka kama mkondo mmoja unaogonga sehemu moja ya ulimi, na hapo ndipo mtu analalamika kwamba tumbaku inamchoma, kumbe tumbaku haina kosa.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kabisa kwa nje. Ulimi wa mrija unapoingia kwenye tundu la shingo, unapaswa kufika karibu kabisa na mwisho wa tundu, pabaki nafasi isiyozidi milimita moja. Ikibaki nafasi kubwa, moshi wa moto huingia kwenye chumba hicho kidogo, hupanuka, hupoa ghafla, na mvuke wake hugeuka maji. Huo ndio mlio wa majimaji unaosikika katikati ya kuvuta. Watu wengi hukimbilia kubadilisha tumbaku au kuianika zaidi, wakati tatizo liko kwenye ulimi uliokatwa mfupi.

Viko vingi vya Dunhill vya zamani vilikuwa na kibomba chembamba cha alumini kinachopita ndani ya shingo na mrija, chenye hataza namba 5861/12. Kazi yake ilikuwa kuweka njia ya moshi safi: mvutaji alikitoa, akakitupa, akaweka kipya. Leo vingi vimepotea. Mkusanyaji atalipa zaidi kikiwepo, mvutaji hatakosa chochote kisipokuwepo. Wala si kichujio, kama baadhi ya matangazo ya kuuza yanavyodai.

Utoboaji wa bori nao una kipimo chake. Njia ya moshi itokee katikati ya sakafu ya bori, chini kabisa. Ikitokea juu kidogo, tumbaku iliyo chini yake haiungui na hubaki tope chungu. Ikitokea pembeni, ukuta wa upande mmoja unachomwa zaidi. Bori ya kawaida ya Kiingereza ina upana wa ndani wa milimita 19 au 20, na kiko kizima cha ukubwa wa wastani kina uzito wa gramu 30 hadi 45, ndiyo maana kinaweza kukaa menoni bila kushikwa.

Maandishi ya shingoni: bei inakoanzia

Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950, viwanda vingi vya London viliendeshwa na familia zilizovianzisha. Barling ilianza mwaka 1812, Charatan mwaka 1863, na Joel Sasieni alianzisha chake mwaka 1919 baada ya kufanya kazi kwa Dunhill. Kisha, ndani ya miaka michache, mambo yakabadilika. Sigara zilikuwa zimechukua soko. Vita vya Algeria, kati ya 1954 na 1962, vilivuruga upatikanaji wa braya iliyopendwa. Barling ikauzwa kwa kampuni kubwa ya tumbaku na kazi ikaanza kupunguzwa gharama. Charatan ikaingia mikononi mwa kampuni ya Lane ya Marekani, halafu Dunhill. Sasieni ilibaki na familia hadi 1979.

Wakusanyaji hugawa kila jina kwa mstari huo: kabla ya mauzo, ndiyo "enzi ya familia" au "kabla ya mpito", na baada yake. Barling ya kabla ya 1962 hivi ina jina lililogongwa kwa herufi kubwa, mara nyingi BARLING'S MAKE kwa upinde, na pengine maneno Ye Olde Wood chini yake. Ya baadaye ina jina kwa mwandiko wa mkono na namba ya umbo yenye tarakimu nne. Sasieni ya daraja la juu ina nukta nne za bluu hafifu kwenye mrija, zimepangwa kwa umbo la almasi, na zile za soko la Marekani mara nyingi zina jina la mji wa Uingereza kama Ashford. Charatan yenye alama ya L ndani ya duara ni ya wakati wa Lane, na DC humaanisha mrija wenye ngazi ya ziada karibu na ncha. Comoy's bora zina herufi C kwenye mrija iliyotengenezwa kwa vipande vitatu vilivyochimbiwa kimoja ndani ya kingine, na ukiitazama kwa kioo cha kukuzia utaona mipaka ya vipande. C iliyochapwa juujuu ni ya miaka ya karibuni.

Dunhill ndiyo inayosomeka vizuri zaidi, na ndiyo inayosomwa vibaya zaidi. Baada ya maneno MADE IN ENGLAND kuna tarakimu ndogo iliyoinuliwa na kupigwa mstari chini. Mfumo ulianza 1921, na tarakimu hiyo ni ya mwisho ya mwaka. Muuzaji akiona 2 huandika "1922", kwa sababu mwaka wa zamani unauza. Lakini 2 inaweza kuwa 1922, 1932, 1942, 1952 au 1962. Tazama mambo mawili zaidi. Namba za hataza ziliacha kugongwa katikati ya miaka ya 1950. Namba ya ukubwa, 1 hadi 6 ndani ya duara, ilianza kuwekwa yapata 1950, ikifuatwa na herufi ya aina: A kwa Bruyere nyekundu, S kwa Shell, R kwa Root, T kwa Tanshell. Basi kiko chenye 2, chenye duara na kisicho na hataza, ni cha 1962. Chenye vyote viwili ni cha 1952. Kisicho na duara lakini kina hataza 417574/34 hakiwezi kuwa cha 1922 wala 1932, kwa kuwa tarakimu baada ya alama ya mkwaju (/) ni mwaka wa hataza, 1934. Hicho ni cha 1942. Dakika mbili za kusoma, na "cha 1922" kimepungua umri miaka ishirini.

Pete ya fedha shingoni husaidia pia. Fedha halisi ya Uingereza ina mihuri: simba anayetembea kwa usafi wa 925 kwa elfu, kichwa cha chui kwa London au nanga kwa Birmingham, na herufi ya mwaka. Muhuri wa mji wa Chester unakuambia mara moja kwamba pete ni ya kabla ya mwisho wa 1962, kwa sababu ofisi ya huko ilifungwa mwaka huo. Ila muhuri unataja umri wa pete, si wa kiko. Pete nyingi ziliwekwa baadaye kufunga shingo iliyopasuka, na anayenunua bila kutazama ndani ya tundu amenunua ufa uliovishwa fedha.

Mistari ya mbao, na afya

Mistari iliyonyooka toka juu hadi chini ya bori huongeza bei maradufu. Haiongezi ladha. Ni uzuri wa macho na ugumu wa kuupata, hilo tu.

Imani nyingine haina utetezi. Kiko hakina usalama wowote unaotokana na ustaarabu wake. Wavutaji wengi wa kiko hawavuti moshi hadi mapafuni, lakini nikotini huingia kwa njia ya ngozi laini ya kinywa, na uvutaji wa kiko unahusishwa na saratani ya mdomo, koo na mapafu. Mbao iliyokauka vizuri hubadilisha ladha ya moshi, haibadilishi kilichomo ndani yake.

Kukikagua na kukisafisha

Anza na maandishi. Washa taa ya simu, ilaze pembeni ili mwanga upite juu ya shingo kwa kuinama. Herufi zinapaswa kuwa na kingo kali. Zikionekana zimeyeyuka, kiko kimeng'arishwa kwa mashine mara nyingi, na thamani yake kwa mkusanyaji imeshuka hata kama kinavutika vizuri kabisa. Kisha pitisha waya wa pamba kutoka kwenye ncha ya mrija bila kuuchomoa. Ukifika sakafuni mwa bori bila kukwama, mafundi walifanya kazi yao. Ukikwama kwenye maungio, njia mbili hazikutani.

Tazama ndani ya bori. Ukoko mnene unaweza kuficha nyufa, na mbaya zaidi ukoko wenyewe ndio unaopasua: kaboni hutanuka kwa joto kuliko mbao, na tabaka la milimita 3 lina nguvu ya kufungua ukuta. Ukwanguliwe taratibu hadi ubaki milimita moja, kwa kisu butu au msasa uliozungushwa kwenye kijiti, kamwe si kwa ncha kali. Doa jeusi linaloonekana kwa nje, lisilo na sababu, ni dalili kwamba ukuta unaungua toka ndani. Hilo halitengenezeki kwa gharama nafuu. Ukingo wa juu ulioungua kidogo si tatizo, ila jihadhari na ukingo ulionyooka mno na mkali: mtu ameukata chini kuficha kuungua, na uwiano wa umbo umepotea.

Harufu ya mvutaji wa kwanza ni kero ya kawaida, hasa kama alipenda michanganyiko yenye Latakia, tumbaku ya Kupro na Syria inayokaushwa kwa moshi wa kuni. Dawa ya kawaida ni kujaza bori pamba, kudondoshea pombe kali isiyo na rangi hadi pamba ilowe, na kuacha usiku kucha kiko kikiwa kimesimama wima. Asubuhi pamba itakuwa ya kahawia. Wengine hutumia chumvi ya mawe badala ya pamba. Inafanya kazi haraka zaidi, lakini chumvi ikiingia kwenye shingo hunyonya unyevu na kutanuka, na shingo nyembamba hupasuka. Pamba inatosha. Baada ya hapo kiko kikae siku tatu bila kuwashwa.

Mrija wa kijani au kahawia haukuoza. Ni eboniti iliyopigwa na jua na unyevu, salfa yake imetoka juu, na ndiyo ile ladha ya kiberiti. Chovya msasa laini kwenye maji, anza na namba 600, endelea 1000, kisha 2000, ukisugua kwa urefu na si kwa kuzungusha, halafu malizia kwa kitambaa na nta. Ukiona nukta, nembo au rondeli (kiduara) ya shaba, zifunike kwa mkanda wa karatasi wenye gundi na usizisogelee. Usitumie dawa ya kupaushia nguo: huondoa rangi haraka lakini huacha vishimo. Alama za meno zisizo na tundu hupungua zenyewe mrija ukitumbukizwa kwenye maji ya moto dakika moja hivi, kwa kuwa eboniti hujaribu kurudi kwenye umbo lake la kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo mrija uliopindwa hunyooka ukizidishiwa joto, kwa hiyo tumbukiza ncha tu.

Mrija uliokwama usilazimishwe. Weka kiko chote kwenye friza nusu saa, kwani mbao na eboniti havisinyai kwa kiwango kimoja, kisha zungusha taratibu kufuata mshale wa saa huku ukivuta. Na kikishatumika, usiuchomoe kingali moto. Shingo imetanuka, ulimi umelainika, na mara nyingi kinachoonekana kama mrija uliochakaa kwa miaka themanini ni matokeo ya mtu aliyekuwa na haraka ya kusafisha. Subiri saa moja, pitisha waya, kisha kiache kipumzike hadi kesho yake, mbali na dirisha lenye jua.